Kupoza kwa ghafla kwenye presi: maana yake hasa

"Bomba limeshapozwa, unaweza kulishika." Kauli hii husikika kila zamu kwenye viwanda vya kusukuma mabomba ya alumini, ambako presi husukuma metali yenye moto ipite kwenye tundu la kalibu na kutoka ikiwa bomba, na mara nyingi huandikwa hivyohivyo kwenye ripoti, kana kwamba feni na maji vilivyowekwa mbele ya presi vipo ili mafundi wasiungue vidole. Bomba linaloshikika limepoa, hilo halina ubishi. Kama lilipozwa kwa ghafla, kiganja hakiwezi kujua.

Kupoza kwa ghafla kwenye presi ni kushusha joto la metali mara tu inapotoka kwenye kalibu, kwa kasi inayotosha kuzuia viambato vilivyoyeyuka ndani yake visijitenge. Fasili inaishia hapo. Uzito wake wote uko kwenye neno kasi. Bomba mbili zinaweza kufika mwisho wa meza zote zikiwa na digrii 40, moja likawa limefaulu na jingine likawa halifai hata kuingizwa kwenye tanuri ya kukomaza, ile inayolipasha bomba tena ili liwe gumu, na kwa macho zisitofautiane hata kidogo.

Mabomba mengi yanayosukumwa ni ya aloi, yaani michanganyiko ya metali, za mfululizo wa 6000, ambazo nguvu yake hutokana na magnesiamu na silikoni. Aloi ya 6063, kwa mfano, ina magnesiamu asilimia 0.45 hadi 0.9 na silikoni asilimia 0.2 hadi 0.6. Metali ikiwa juu ya nyuzi 500 hivi za Selsiasi, atomi hizo hutawanyika ndani ya alumini na kupotelea humo, ingawa alumini yenyewe bado ni yabisi. Joto likishuka taratibu, atomi hupata muda wa kutafutana na kuunda chembe kubwa za magnesiamu na silikoni. Chembe kubwa hazina faida. Haziongezi nguvu ya maana, na mbaya zaidi zimeshatumia akiba ambayo tanuri ya kukomaza ingeigeuza kuwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa darubini ya kawaida, na hizo ndogo ndizo zinazoifanya metali iwe ngumu. Joto likishuka kwa ghafla, atomi hunaswa zilipo. Bomba likikaa baadaye kwenye nyuzi 175 kwa saa 8 hivi, chembe zinazotakiwa hujijenga.

Kosa la kuchanganya kupoa na kupozwa kwa ghafla lina asili yake, nayo ni chuma. Aliyejifunza kazi kwenye chuma amezoea kuona kipande kikitoka kwenye maji kikiwa kimeshakuwa kigumu papo hapo, kwa sababu muundo wa fuwele za chuma chenye kaboni hubadilika wakati uleule wa kupozwa. Alumini haina tabia hiyo. Bomba la aloi ya 6061 lililotoka tu kwenye maji ni laini, hupindika kwa urahisi, na ukilipima ugumu muda huo utadhani kazi imeharibika. Ugumu huja baadaye. Mjerumani Alfred Wilm aligundua jambo hilo mwaka 1906 alipokuwa akijaribu aloi ya alumini yenye shaba na magnesiamu: aliipasha moto, akaipoza kwa ghafla kwa matumaini kwamba itakuwa ngumu kama chuma, na ugumu ukajitokeza baada ya siku kadhaa za kukaa tu. Sababu yake ilielezwa mwaka 1919 na Merica, Waltenberg na Scott wa Marekani, waliosema kuna chembe zinazojitenga ndani ya metali. Mwaka 1938 Guinier na Preston, kila mmoja kivyake, wakaonyesha kwa miale ya eksirei dalili za mikusanyiko hiyo ya atomi. Kwa hiyo anayegonga bomba mbele ya presi, akasikia mlio wa kitu laini, kisha akaagiza maji yaongezwe, anatumia kanuni ya chuma mahali isipohusika.

Kasi ya kutosha ni ipi? Inategemea aloi, na hapa ndipo mazoea huponza watu. Eneo la hatari ni kati ya nyuzi 450 na 250 hivi. Juu ya hapo atomi hazina msukumo mkubwa wa kujitenga, na chini ya hapo hazina nguvu ya kusafiri haraka. Kwa 6063, kushuka digrii 1 hivi kwa sekunde kupitia eneo hilo hutosha, ndiyo maana feni zinamudu kwenye kuta nyembamba. Aloi ya 6061 ina magnesiamu na silikoni zaidi, pamoja na kromiamu ambayo chembe zake huwapa atomi mahali pa kujikusanyia, nayo huhitaji karibu digrii 10 kwa sekunde. Kiwanda kilichozoea 6063, kikapokea oda ya 6061 na kuipitisha chini ya feni zilezile, kitapata bomba zilizopoa vizuri kabisa na zisizofikia nguvu.

Bomba lina shida yake pia ambayo ubapa, yaani kipande bapa, hauna. Joto hutoka upande wa nje peke yake, kwa kuwa hewa iliyomo ndani haina pa kulipeleka. Bomba lenye ukuta wa milimita 3 hupoa takriban kama ubapa wa milimita 6 unaopozwa pande zote mbili. Anayekadiria mpangilio wa maji kwa unene wa ukuta tu, bila kukumbuka hilo, amekosea kwa nusu.

Kabla ya kulaumu maji, litazamwe joto la kutokea, yaani joto la metali inapotoka kwenye kalibu. Kama metali haikufikia joto la kuyeyusha viambato ilipokuwa ikipita kwenye kalibu, hakuna cha kunasa, na kuipoza kwa kasi yoyote ile ni kupoteza maji. 6063 inatakiwa itoke ikiwa na nyuzi 510 hivi au zaidi, 6061 karibu 530. Magogo ya alumini yanayosukumwa kuwa bomba huingia kwenye presi yakiwa na nyuzi 430 hadi 480 kwa kawaida, na kinachobaki huongezwa na msuguano na mgeuko wa metali yenyewe ndani ya presi. Mwendeshaji akipunguza mwendo ili kuokoa sura ya bomba, joto hilo la ziada hupungua. Akiuongeza kupita kiasi, uso wa bomba huanza kuchanika. Kupima nako kuna mtego: alumini inayong'aa hutoa miale kidogo, na kiasi chake hubadilika kadiri uso unavyobadilika, hivyo kipimajoto cha miale cha kawaida hudanganya. Kinafaa kile kinachosoma mawimbi kadhaa kwa pamoja, nacho kikaguliwe mara kwa mara kwa themokapo, yaani kipimajoto cha kugusa.

Sasa mwendo. Tuseme sanduku la vinyunyizio lina urefu wa mita 4 na bomba linakwenda mita 20 kwa dakika. Kila sehemu ya bomba hukaa humo sekunde 12. Kama maji yanashusha digrii 20 kwa sekunde, bomba lililoingia na nyuzi 520 litatoka na 280, na sehemu kubwa ya hatari imepita. Ongeza mwendo hadi mita 40 kwa dakika bila kugusa kingine. Sekunde zinabaki 6, bomba linatoka na nyuzi 400, yaani ndani ya eneo la hatari, na kuanzia hapo linapoa kwa hewa ya mezani. Likifika mwishoni litashikika kama lile la kwanza. Zamu itasifiwa kwa uzalishaji, na lawama zitaangukia tanuri ya kukomaza, ambayo haikuhusika.

Maji yenyewe si ya kumwagwa tu. Tone la maji likiangukia bati lenye moto mkali huelea juu ya mvuke wake na kutembeatembea bila kukauka haraka, jambo lililoelezwa na Johann Leidenfrost mwaka 1756. Juu ya bomba lenye nyuzi 500 hutokea vivyo hivyo: utando wa mvuke hutenganisha maji na metali, na kupoa huzorota mpaka utando uvunjike. Ndiyo sababu vinyunyizio hutumia shinikizo, na ndiyo sababu nozeli moja iliyoziba kwa chokaa ya maji huleta madhara makubwa kuliko inavyodhaniwa. Upande mmoja wa bomba hubaki na utando wakati upande wa pili umeshauvunja. Tofauti ya upozaji kati ya pande mbili huwa kubwa ghafla, na bomba linapinda.

Mpindo huo huchanganya watu. Upande uliopoa kwanza husinyaa kwanza, kwa hiyo mwanzoni bomba hujikunja kuelekea upande wa baridi, na upande wenye moto, ukiwa bado laini, hulazimishwa kubadilika umbo. Zamu ya upande wa moto kupoa inapofika, nao husinyaa, na bomba huishia limejikunja kuelekea upande uliochelewa. Ukitazama bomba lililokwisha kupoa, nozeli zenye hitilafu zitafute upande wa ndani wa mpindo. Wengi hukagua upande wa nje, wakazisafisha nozeli nzima na kuziacha zilizoziba. Zote zikikutwa safi, pima unene wa ukuta, maana bomba ambalo shimo lake halipo katikati hupinda kuelekea upande mnene hata vinyunyizio vikiwa sawasawa. Dawa yake iko kwenye kalibu na mpangilio wa presi.

Maji yasirudi nyuma kuelekea kalibu. Kalibu ni chuma chenye moto, na maji baridi yakiifikia huipasua. Mdomo wa sanduku huwekewa pazia la hewa la kuyasukuma mbele, na ncha ya kwanza ya bomba huzibwa au kubanwa ili maji yasiingie ndani, yakageuka mvuke na kusafiri hadi kwenye presi.

Meza nayo hupoza, tena bila kutumwa. Bomba la 6063 likilala juu ya rola baridi au vipande vya grafiti kabla halijapozwa vya kutosha, sehemu zilizogusana hushuka haraka hadi nyuzi 350 au 400, kisha hupata joto tena kutoka sehemu za jirani na kukaa kwenye eneo la hatari. Chembe kubwa hujijenga hapohapo. Bomba huonekana safi hadi litakapotiwa tabaka la oksidi kwa umeme, ndipo madoa meusi yanajitokeza kwa umbali uliolingana. Pima umbali kati ya doa na doa, kisha nenda kapime nafasi za rola. Mwanzoni mwa meza, penye moto zaidi, hufungwa vitambaa vya nyuzi zinazohimili joto kali, nyuzi za aramidi zikifuata mbele zaidi. Vikichakaa na chuma kikaanza kuchungulia, madoa hurudi.

Kunyoosha hufuata bomba likiwa chini ya nyuzi 50 hivi, na hapa kiganja kina kazi halali. Mvuto wa asilimia 0.5 hadi 1 hutosha kwa mabomba mengi. Ukizidisha, uso hukwaruza na kipenyo hupungua nje ya kipimo. Ncha za bomba ziwekewe plagi ya chuma ndani kabla taya za kulivuta hazijabana, la sivyo zitabonyea na mita nzima ya bomba ikakatwa na kutupwa. Lakini kunyoosha hurekebisha umbo pekee. Metali iliyopoa polepole hubaki vilevile hata ikinyooka kama uzi.

Kujua kama upozaji ulifaulu kunahitaji vipimo, na bora viwe viwili pamoja. Ugumu hupimwa baada ya kukomaza: 6061 katika hali ya T6, yaani iliyonaswa na kukomazwa ipasavyo, huwa karibu 95 kwa kipimo cha Brinell. Kisha upitishaji wa umeme. Atomi zilizonaswa ndani ya alumini huzuia umeme, zilizojitenga huuachia njia, hivyo 6061-T6 iliyofaulu hupitisha karibu asilimia 43 ya shaba ya kiwango, na iliyoachwa laini kabisa karibu asilimia 47. Ugumu mdogo wenye upitishaji mkubwa kupita kiasi huelekeza kwenye joto la kutokea au upozaji. Ugumu mdogo wenye upitishaji mdogo humaanisha tanuri haikukamilisha kazi.

Lipo pia jambo la herufi zinazotaja hali ya bomba, T5 na T6, kwa kuwa upotoshaji uleule hujificha humo. T5 maana yake bomba limepozwa kutoka kwenye joto la presi, kisha likakomazwa tanurini. T6 maana yake viambato viliyeyushwa ipasavyo, vikanaswa, kisha bomba likakomazwa. Kwa aloi za 6000 viwango huruhusu T6 ipatikane kwenye presi yenyewe, mradi joto la kutokea na kasi ya kupoza vidhibitiwe na kuthibitishwa. Tofauti si ndogo: nguvu ya chini kabisa ya kukatika kwa 6063-T5 ni megapaskali (MPa) 150 hivi, kwa T6 ni 205. Anayesema T6 ni T5 iliyokaa tanurini muda mrefu amehamisha kazi ya presi na kuibebesha tanuri.

Kwenye fomu za zamu, basi, ile safu ya "joto baada ya kupoza" haina ubaya, iachwe kwa ajili ya wanaonyoosha. Pembeni yake ziongezwe tatu: joto la kutokea kwenye kalibu, joto la kutokea kwenye sanduku la maji, na mwendo wa bomba kwa dakika. Kwa tarakimu hizo tatu na urefu wa sanduku, kasi hupigiwa hesabu kwa mstari mmoja, na neno "limepozwa" linaweza kuandikwa.