Mtafiti Akibisha Hodi: Muhuri wa Mtaa Si Ridhaa Yako

Malalamiko yanayofika kwenye ofisi za maadili ya utafiti kutoka Manzese, Mbagala na Tandika, jijini Dar es Salaam, yanafanana. Vijana wenye vishikwambi wamepita nyumba kwa nyumba, wameuliza habari za imani, ndoa na hasira kwa ajili ya tafiti za saikolojia ya jamii (namna watu wanavyofikiri na kutendeana), wamechukua namba za simu, kisha kimya. Baadhi ya malalamiko hayo ni ya haki kabisa. Mengine yanatokana na watu kutosoma walichotia saini.

Tuanze na barua. Chuo humwandikia Katibu Tawala wa Mkoa, barua inashuka kwa Mkurugenzi wa Manispaa, kwa Mtendaji wa Kata, hadi ofisi ya Serikali ya Mtaa. Mtafiti wa kigeni anahitaji pia kibali cha COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia), na utafiti wa afya hupitia NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). Muhuri wa mtendaji unamfungulia mtafiti njia ya kuingia mtaani tu. Kukaa sebuleni kwako ni ruhusa yako mwenyewe, na mwenyekiti hawezi kuitoa kwa niaba yako, wala mume kwa niaba ya mke. Mtoto chini ya miaka 18 huombewa ruhusa kwa mzazi au mlezi, kisha naye huulizwa, akikataa, basi.

Fomu ya ridhaa hutoka nakala mbili, moja ni yako. Itazame kabla ya kusaini: jina la mtafiti mkuu na taasisi yake, namba ya kibali cha maadili, simu ya kamati ya maadili iliyotoa kibali hicho (si ya mtafiti peke yake), muda wa mahojiano, na tarehe ambayo orodha ya majina itateketezwa. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti, ndipo anaweka dole gumba. Kama ni nakala moja na inaondoka na kijana, usisaini.

Saikolojia ya jamii ina jambo lake la ziada: wakati mwingine mshiriki haambiwi mwanzoni lengo halisi. Mfano maarufu ni wa Stanley Milgram, Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, 1961. Wanaume 40 waliambiwa ni utafiti wa kumbukumbu. Kila mmoja alikaa mbele ya mashine yenye swichi 30, kuanzia volti 15 hadi 450, akaagizwa kumpiga mwenzake shoti kila anapokosea. Shoti hazikuwapo; mwenzake alikuwa akiigiza. Watu 26 walifika swichi ya mwisho, wengi wao wakitetemeka na kutoka jasho. Leo, ufichaji wa namna hiyo lazima uelezwe kwenye kamati kwa sababu nzito, na mshiriki aambiwe ukweli wote kabla hajaondoka, kisha aulizwe kama majibu yake yabaki au yafutwe. Usipoambiwa, hilo ni kosa la kuripoti.

Na hapa tuelewane. Swali kurudiwa kwa maneno yaliyogeuzwa si mtego wa kukuumbua. Linamnasa anayejibu "nakubali kabisa" kila mahali ili amalize upesi. Kuombwa jirani asogee si dharau, maana mbele ya mjumbe kila ndoa ina amani. Dodoso halileti mkopo wala mradi wa maji, hata ukijibu vizuri namna gani. Na hapana, mtafiti hasomi mawazo ya mtu.

Namba ya simu ina kazi. Msimamizi hupigia baadhi ya nyumba kuhakiki kwamba kijana alifika kweli, hakujaza madodoso yote chini ya mwembe. Tatizo hilo haliishii kwa vijana: Diederik Stapel, profesa wa saikolojia ya jamii huko Tilburg, Uholanzi, alibainika mwaka 2011 kuwa alijitungia takwimu, na makala zake zaidi ya 50 zimebatilishwa. Lakini namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), au namba ya siri ya simu, haihitajiki kwenye dodoso la aina hii. Akiiomba, mahojiano yameishia hapo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu dini, afya na itikadi ya siasa kuwa taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida zinahitaji ridhaa ya maandishi. Misamaha ipo, na kila shauri huangaliwa peke yake. Mtu anayetoa taarifa za watu kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini ya shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni faini inaanzia milioni 1 na inaweza kufika bilioni 5.

Ukilalamika, piga simu ya kamati iliyo kwenye nakala yako na taja namba ya kibali, tarehe na mtaa. "Wale vijana wa juzi" haisaidii kumpata mtu. Kujitoa hakuhitaji sababu. Ila majina yakishateketezwa, majibu yako yanakuwa hayana mwenyewe, na hakuna atakayeweza kuyatambua ili yafutwe, hivyo piga kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye fomu.