Je, wajua kwa nini pesa na muda haviendi kule moyo unakotaka?

Mwishoni mwa mwezi mmoja mwaka jana mdogo wangu alinipigia jioni. "Shikamoo dada. Samahani kukusumbua, ile hela ya dawa za presha za mama vipi?" Nikamjibu kuwa mwezi umekuwa mgumu, avumilie siku mbili tatu. Nilipokata simu nikafungua meseji za miamala, moja baada ya nyingine, kuanzia siku mshahara ulipoingia. Nilitaka kuuona huo ugumu.

Bando la intaneti mara kumi na moja. Bodaboda kutoka kituoni hadi nyumbani, 1,500 au 2,000, hata siku zisizo na mvua wala matope. Chipsi kuku mara sita. Mchango wa harusi ya mtu niliyefanya naye kazi zamani, 100,000, kwa sababu kadi iliandikwa single 50,000 na double 100,000, na kwenye kundi la WhatsApp majina yalikuwa yanabandikwa kila usiku na kiasi cha kila mmoja pembeni. Dawa za mama ni 35,000 kwa mwezi. Ukiniuliza ni nani namthamini kuliko wote duniani, nitakujibu kabla hujamaliza swali. Lakini kwenye zile meseji jina lake halikuwepo hata mara moja.

Kwa nini inakuwa hivi? Wengi wakifika hapa hujihukumu: mimi mbadhirifu, sina nidhamu. Nimelifikiria sana jambo hili na siamini kwamba shida ni tabia mbaya. Pesa ikiingia haina jina. Anayeipa jina ni yule anayeiomba kwanza, na wanaowahi kuomba si wale tunaowapenda zaidi. Kampuni ya simu hukutumia ujumbe kifurushi kikikaribia kwisha. Kamati ya harusi ina mweka hazina na tarehe ya mwisho. Dereva wa boda yuko pale kituoni, ameshawasha pikipiki. Mama yangu haombi. Angepiga simu mwenyewe angeuliza kama nimekula, halafu angekata.

Kuna na jambo la pili, la namna tunavyolipa. Mwaka 2001 watafiti Drazen Prelec na Duncan Simester wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa biashara. Waliwapa nafasi ya kushindania tiketi za mechi ya mpira wa kikapu, kila mtu aandike bei anayoweza kutoa. Baadhi waliambiwa watalipa taslimu, wengine kwa kadi ya benki ya mkopo. Waliotarajia kulipa kwa kadi walitaja bei inayozidi mara mbili ya wenzao. Noti ikitoka mkononi unaiona ikiondoka, kadi inabaki mfukoni vilevile. Pesa ya simu si mkopo, na huku kwetu makato yenyewe yanakukumbusha kuwa umelipa. Hata hivyo, ukishabonyeza namba ya siri mara nne kwa siku, ile ya tano huisikii tena. Nani angemhesabia muuza chipsi noti mkononi mara sita kwa mwezi asijiulize?

Halafu kuna kiasi chenyewe. Shilingi 2,000 ni kitu gani? Kila siku kwa mwaka ni 730,000, na kwa maeneo mengi ya pembezoni mwa Dar hiyo ni kodi ya chumba ya miezi mingi. Yale tunayoyathamini mara nyingi huja kwa mkupuo: kodi ya miezi sita, mtihani wa mtoto, kipimo cha hospitali. Yanayoyala hayo huja kwa matone, na tone halina mtu wa kulitetea wala wa kulishitaki.

Sasa sikiliza kilichofanyika kwa jirani zetu. Wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya utafiti magharibi mwa Kenya, ukachapishwa mwaka 2013. Walitaka kujua kwa nini watu wenye kipato kidogo hushindwa kuweka akiba ya afya, vitu kama chandarua au dawa ya kutibu maji. Kundi moja lilipewa sanduku la chuma lenye tundu juu, kufuli na ufunguo. Kibubu, kwa lugha yetu. Ufunguo alibaki nao mwenyewe, angeweza kufungua saa yoyote. Hilo pekee lilitosha kuongeza akiba ya afya kwa asilimia 66. Kundi jingine lilipewa sanduku la namna hiyohiyo, ila ufunguo akashika msimamizi wa mradi, na lenyewe halikusaidia kama lile la kwanza. Mimi hapo ndipo nilipokaa kimya. Ningedhani kufuli kali ndilo dawa, kumbe kubwa lilikuwa ni kwamba pesa ile imeshakuwa na makazi na kazi yake. Akija mtu kuomba, mwenye nyumba anaweza kusema kweli kwamba hana, kwa maana iliyo ndani ya sanduku si ya leo.

Richard Thaler, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, ameandika mengi juu ya hili: kwamba binadamu hatuhesabu pesa yote kama kapu moja, tunaigawa kichwani kwenye mafungu, na shilingi ya fungu hili haituumi sawa na shilingi ya fungu lile. Bibi zetu walilijua hilo bila chuo. Pindo hili la khanga nauli, pindo lile sadaka.

Karibu na ninapofanya kazi kuna mama lishe ninayekula kwake mchana. Siku moja nilichelewa kufika, wateja wamekwisha, nikamkuta anahesabu mauzo. Mbele yake yalikuwepo makopo manne ya maziwa ya unga, vifuniko vimechanwa kwa kisu. Kila kopo limebandikwa kipande cha plasta nyeupe chenye mwandiko wa kitoto: MTAJI, KODI, SHULE, WATU. Alianza na mtaji. Mchele wa kesho, mafuta, mkaa. Kisha akaweka 3,000 kodi, 2,000 shule, na mwisho sarafu tatu za 200 zikalia ndani ya kopo la nne.

"Mama, watu ndio nani?" nikamuuliza.

"Misiba, mwanangu. Harusi. Jirani akija analia njaa. Hao siwezi kuwakataa, na sitaki kuwakataa. Ila wanakula kwenye kopo lao. Likiisha, namwambia mwenzangu, kopo la watu limelala, subiri mwezi uandame."

Nimesoma ushauri mwingi wa fedha unaowaambia watu wakate michango ya harusi, kana kwamba ni ujinga. Siukubali. Hapa mjini mtu akifiwa, turubai, viti na sufuria hufika kabla ya jioni kwa sababu watu walichangiana jana. Hiyo ni thamani, tena kubwa. Nililokosea mimi ni kutoa double kwa kuogopa orodha ya WhatsApp, wakati sikuwa nimetenga kopo la watu wala kopo la mama. Ningetenga, ningetoa 50,000 kwa moyo mweupe.

Muda ni mgumu zaidi, kwa sababu hauna kibubu. Huwezi kuiweka saa moja ya Jumanne ukaitoa Jumamosi. Mimi naishi upande wa Gongo la Mboto, kazi iko Posta. Ukihesabu saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, siku 22 za kazi ni saa 66 barabarani kila mwezi. Hizo foleni imezichukua, sina la kufanya nazo kwa sasa. Lakini zile zinazobaki nazo nilikuwa nikizitoa kwa mpangilio uleule wa pesa: aliyeita kwanza. Binti yangu ana miaka saba. Nilikuwa namwambia, "Nikipata nafasi tutasoma wote." Nafasi haipatikani, na tena huwa tunaikadiria vibaya. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi watamaliza lini tasnifu zao. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 33.9. Walimaliza kwa wastani wa siku 55.5. Kila kazi inapovuka mipaka yake namna hiyo, hula kile kilichoahidiwa "nikimaliza", na kwangu kilichoahidiwa alikuwa mtoto.

Utafiti mwingine, wa Ashley Whillans na wenzake mwaka 2017, uliwapa wafanyakazi 60 wa mjini Vancouver, Kanada, dola 40 kila wikiendi, kwa wikiendi mbili. Wikiendi moja wanunue kitu, nyingine walipie jambo la kuwapunguzia kazi. Siku ya kununua muda walijisikia vizuri zaidi. Nikajaribu huku kwetu: dada mmoja wa mtaani anakuja Jumamosi kufua, namlipa 10,000, na zilizokuwa saa zangu nne za beseni zinakuwa huru. Jumamosi mbili za mwanzo nilizimaliza nimelala na simu mkononi hadi adhuhuri. Nilikuwa nimenunua muda nikausahau kuupa jina, ukachukuliwa palepale.

Kwa hiyo nikaupa. Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara ni Mkuranga, kwa mama, mimi na binti yangu. Dawa nanunua mshahara unapoingia, siku ileile, kabla sijafungua kundi lolote la WhatsApp, na zinakaa kabatini zikisubiri safari. Daladala ya kwenda Mbagala, kisha gari la Mkuranga. Mtoto ndiye anayebeba mfuko. Mara ya mwisho alikuwa ameandika juu yake kwa kalamu ya wino, BIBI, kwa herufi kubwa, na njia nzima alikataa mtu yeyote asiushike, hata kondakta alipotaka kumsaidia kupanda.