Sarafu 17,796 za dhahabu zilitoka Marekani 1822, kwa nini leo zinajulikana tatu tu?

Wanaokusanya sarafu za zamani za Marekani karibu wote wanaiota hii, dola 5 ya dhahabu ya mwaka 1822. Kadude kenyewe kana upana wa milimita 25 tu, mbele kichwa cha mwanamke kavaa kofia kazungukwa na nyota 13, nyuma kuna tai. Kumbukumbu za kiwanda cha sarafu cha Philadelphia zinasema mwaka ule zilitoka 17,796. Leo zinajulikana tatu! Mbili ziko makumbusho ya Smithsonian, haziuzwi, ya tatu ilipigwa mnada 2021 ikaenda kwa dola milioni 8.4.

Sasa zingine zilienda wapi? Ziliyeyushwa.

Iko hivi, sheria ya Marekani ya 1792 ilisema kilo 1 ya dhahabu ni sawa na kilo 15 za fedha (fedha ile silva, sio hela), wakati Ufaransa kilo hiyohiyo ya dhahabu inakupa 15 na nusu. Kwahiyo mtu anabadilisha silva yake apate sarafu za dhahabu, anapakia melini, zikifika Ulaya zinaingia motoni na ile nusu kilo ya juu ni yake, anatoa gharama za safari tu. Nani angeacha dili kama hiyo? Halafu 1821 Uingereza nayo ikarudi kulipa noti zake kwa dhahabu, soko likazidi kunoga, sarafu zikawa zinatoka kiwandani zinaelekea bandarini, mtaani huzioni.

Zilizosalia zikamalizwa na sheria ya 1834. Bunge lilipunguza dhahabu kwenye dola 5, ya zamani ilikuwa na gramu 8.02 za dhahabu tupu, mpya 7.52, yaani ukishika ya zamani una kama dola 5 na senti 33 mkononi ila dukani inahesabiwa 5 tu, kwahiyo watu wakazipeleka wenyewe zikayeyushwe.

Ndo maana mkusanyaji akipewa dola 5 ya 1834 anaigeuza nyuma kwanza, anaangalia juu ya tai kama kuna utepe wenye maneno E Pluribus Unum. Kama upo, hiyo ni ile nzito ya zamani iliyonusurika moto, na bei yake inapaa hapohapo. Kama haupo ni zile mpya, na hizo ziko nyingi.