Kofia ya distribyuta na asubuhi za mvua Mikindani

Mvua za Januari zikishika Mtwara, simu ninazopigiwa asubuhi zina kilio kimoja: stata inazunguka vizuri lakini gari haliwaki, au linawaka likitetemeka kama lina silinda tatu. Jua likipanda, linapona lenyewe. Likiwa Corolla ya miaka ya 1990, mimi naanza na kofia ya distribyuta, yaani kifuniko cha plastiki cha kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, kabla ya kugusa kingine chochote.

Mwalimu mmoja wa Mikindani alikuwa amebadilisha plagi mara mbili na betri mara moja. Gari analilaza karibu na ghuba, upepo wa chumvi unalipiga usiku kucha. Nilipofungua kofia na kuigeuzia mwangani, nikaona mstari mweusi, mwembamba kama unywele, umetoka nguzo moja (kipande cha chuma kinachopokea umeme wa silinda moja) hadi nyingine. Alijaribu kuufuta kwa kitambaa. Haufutiki, maana ni plastiki iliyoungua: umeme umejichongea njia.

Koili inazipandisha volti 12 za betri hadi volti 20,000 na zaidi. Umeme huo unashukia katikati ya kofia kwenye kijiti cha kaboni chenye springi, unaingia kwenye rota, kile kidole kinachozunguka ndani ya kofia, na rota inaurushia nguzo ya kila silinda kwa zamu, ikizunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya kranki, shafti kuu ya injini. Umeme ukikuta unyevu wenye chumvi au ule mstari mweusi, unapotelea huko na plagi inakosa cheche.

Kuibadilisha kofia mwenyewe nyumbani kunawezekana kabisa. Zima gari, acha injini ipoe, fungua waya hasi wa betri.

Sasa waya za plagi, na hapa ndipo watu wanapoharibu. Ndugu yangu, usizing'oe zote! Ishike kofia mpya kando ya ile ya zamani, zote zikielekea upande mmoja, kisha hamisha waya mmoja mmoja, ukivuta kwa kushika mpira wa mwishoni. Silinda za Corolla hizo zinachoma kwa zamu, kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Ukipishanisha waya mbili tu, injini itatetemeka na kupiga mizinga kwenye ekzosi, nawe utamlaumu muuza spea bure. Kuna distribyuta zenye koili ndani yake. Hizo hazina waya wa katikati unaoleta umeme kutoka kwenye koili, usihangaike kuutafuta.

Baada ya hapo fungua boliti au klipu za kofia, uchomoe rota. Nyingine zimefungwa kwa skurubu. Rota mpya inakaa kwa namna moja tu, kwa hiyo ikikataa igeuze, usiigonge.

Nunua kofia na rota pamoja. Wapo wanaokwangua nguzo kwa msasa ili wabaki na kofia ileile, nami sikubaliani nao hata kidogo: ukikwangua unapanua mwanya ambao cheche inauruka. Na kwa sisi wa pwani, mpira wa kuzuia maji chini ya kofia ni wa lazima. Ukiwa umekatika, kofia mpya itaingia unyevu kama ile ya kwanza. Ukikuta oili humo ndani, sili (kizibo cha oili) ya shafti inayozungusha rota inavuja, itengenezwe kwanza.

Usiku, washa gari gizani na ufungue boneti bila kugusa kitu. Ukiona vicheche vya buluu vinatambaa kwenye waya za plagi, nazo zibadilishe.