Slopu ya bafuni ni nini, na inahusianaje na fangasi kwenye kona za bathtabu

Slopu ni ule mteremko mdogo ambao fundi anautengeneza makusudi ili maji yakimwagika yaende tunduni yenyewe bila mtu kuyasukuma na fagio. Ndo hivyo tu. Sakafu ya bafuni ikishuka sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita inatosha, kwa macho huwezi kuona ila mwaga kopo la maji utajua, yakituama katikati au yakirudi ukutani ujue slopu hakuna au imekaa kinyume.

Naandika hili sababu huku Mtwara hela ya korosho ikishaingia watu wanamalizia nyumba, na siku hizi wengi wanataka bathtabu yenye shawa juu yake, Shangani huko mpaka Mikindani, afu mwaka haujaisha kona zishakuwa nyeusi tii, bafu linanuka uvundo na lawama zote zinaenda kwenye marumaru eti feki. Marumaru hazina kosa kabisa.

Watu wanasahau kwamba bathtabu nayo ina slopu zake. Kuna ya chini inayopeleka maji tunduni, na kuna ya ukingo, maana bathtabu nyingi ukingo wake umeinama kidogo kuelekea ndani ili maji yanayoshuka ukutani yarudi ndani. Sasa fundi akiikalisha bila pima maji, kile kifaa cha kupimia usawa, upande mmoja ukawa chini, maji yanakimbilia kona hiyo na kukaa hapo hapo. Na shawa ndo inazidisha, kwa sababu ukioga umekaa ukuta haulowi sana, ila ukisimama chini ya shawa maji yanaruka kila upande, yanateremka na marumaru mpaka pale ukuta unapokutana na ukingo.

Hapo kwenye kiungo ndo pa kupaangalia kuliko kote. Mafundi wengi wanajaza grauti, ule unga wa kuzibia nafasi kati ya marumaru, au simenti nyeupe, na jamani hapo sio mahali pake! Grauti ikikauka inakuwa ngumu, na bathtabu, hasa hizi za plastiki, ikijaa maji na mtu yumo ndani inashuka kidogo, ikitolewa maji inapanda, kwa hiyo grauti inapasuka ufa mwembamba kama unywele, maji yanapenya nyuma na huko hayakauki tena. Panatakiwa silikoni ya bafuni, gundi inayobaki laini kama mpira, ile yenye dawa ya kuzuia fangasi. Toa ya zamani yote kwa kisu, safisha, acha pakauke kabisa, halafu jaza bathtabu maji kwanza ndo upake, na maji usiyatoe mpaka silikoni ikauke, mara nyingi ni kama masaa 24 ila soma kwenye tyubu. Ukipaka ikiwa tupu, siku ya kuijaza inashuka na silikoni inavutika mpaka inabanduka.

Fangasi yenyewe mbegu zake ziko hewani kwenye kila nyumba, huwezi kuzizuia. Inachotaka ni unyevu unaokaa siku moja mbili na chakula kidogo, na utando wa sabuni na mafuta ya mwili unaitosha. Kaskazi ikivuma na mvua zikianza huku pwani hewa yenyewe imejaa unyevu, bafu lisilopitisha hewa halikauki mpaka asubuhi, kipindi cha kusi kidogo afadhali. Kwa hiyo ukimaliza kuoga acha dirisha wazi, kama unaogopa mbu weka wavu, usizibe na nailoni. Pazia la shawa liwe ndani ya bathtabu wakati unaoga na baadaye ulitandaze likauke, na ukingo upitishe kitambaa, ni kazi ya nusu dakika.

Kama weusi ushaingia, jiki iliyozimuliwa na maji inautoa kwenye marumaru, ila ukishazama ndani ya silikoni hautoki, kata upake upya. Na tafadhali sana jiki usiichanganye na siki wala dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya klorini inayounguza mapafu, na wanaoumia ni dada zetu wanaosugua bafu mlango umefungwa, wafungulieni madirisha.

Kwa anayejenga sasa hivi, kabla hujammalizia fundi hela yake mwambie asimame hapo, fungulia shawa ielekee ukutani dakika chache, zima, subiri kidogo, halafu angalieni wote ukingo na sakafu. Pakiwa na dimbwi arekebishe miguu ya bathtabu kabla hajaizungushia matofali, maana ikishajengewa kuinyanyua ni kuvunja na marumaru za pembeni.