Tufaha jekundu si lazima liwe GMO

Tufaha likiwa jekundu kupita kiasi, hapa Mwanza hukumu yake hutoka papo hapo: hilo ni la GMO. Utalisikia Soko Kuu, utalisikia Kirumba, utalisikia kwa wauzaji wa stendi ya Nyegezi. Na anayetaka kuonekana msomi huongeza kwamba "limebadilika vinasaba", kama vile maneno hayo mawili ni kitu kimoja. Si kitu kimoja, na tofauti yake ni kubwa.

Badiliko la vinasaba ni hitilafu au tofauti yoyote katika mpangilio wa herufi za DNA, yaani kemikali inayobeba vinasaba ndani ya seli: herufi imekosewa seli ilipojinakili, kipande kimepotea, au kipande kimehama na kujichomeka pengine. Humtokea muhogo, sato na binadamu bila mtu yeyote kuamua. GMO ni kiumbe ambacho mtaalamu wa maabara ameingiza jeni (kipande cha DNA chenye maagizo ya kazi fulani) ndani yake, au ameizima jeni iliyokuwemo, kwa kukusudia.

Wekundu wa tufaha unaeleza jambo hili vizuri kuliko mfano mwingine ninaoujua. Rangi ile ni anthosianini, na kazi ya kuitengeneza huamriwa na jeni iitwayo MdMYB1, iliyoko kwenye kromosomu (uzi wa DNA wenye jeni nyingi) ya 9 kati ya jozi 17 za tufaha. Jeni hii haitengenezi rangi yenyewe. Huziamsha jeni nyingine zifanye kazi hiyo. Mwaka 2019 watafiti wa China walionyesha kwamba kwenye matufaha mekundu kuna kipande cha DNA kinachohamahama kilichojichomeka jirani na MdMYB1 na kuipa nguvu. Hakuna aliyekiweka pale. Na nakala moja ya jeni yenye kipande hicho, kutoka kwa mzazi mmoja tu, inatosha ganda kuwa na wekundu.

Hata hivyo jeni peke yake haimalizi kazi. Gizani, protini iitwayo COP1 husababisha protini ya MdMYB1 ivunjwevunjwe, ndiyo maana tufaha lililofunikwa kwa mfuko likiwa mtini hubaki limepauka, na lililofunikwa na jani huwa na baka jeupe pale jani lilipolala. Usiku wa baridi nao huongeza rangi. Kwa hiyo matunda mawili ya mti mmoja, yenye vinasaba vilevile, yanaweza kutofautiana wekundu kabisa.

Sasa, yale mekundu mno yanatoka wapi? Mara nyingi hutoka kwenye tawi moja lililobadilika lenyewe. Mkulima anakagua shamba lake, anaona tawi limezaa matunda yaliyokolea kuliko mti mzima. Anakata kichipukizi chake na kukibebesha kwenye shina lingine, kama tunavyobebesha miembe. Aina ya tufaha iitwayo Royal Gala ilipatikana hivyo kutoka aina ya Gala, kule New Zealand. Red Delicious ya Marekani imechaguliwa hivyo mara nyingi, kila safari likitafutwa tawi jekundu zaidi, hadi utamu ukasahaulika (hilo ndilo kosa la kuwalaumu, si GMO). Wakati mwingine hata herufi za DNA hazikubadilika. Zilizobadilika ni alama za kikemikali zilizobandikwa juu yake, na michirizi ya baadhi ya matufaha imehusishwa na alama hizo.

Tufaha la GMO lipo kweli. Linaitwa Arctic, liliruhusiwa Marekani mwaka 2015, na kilichozimwa ni jeni zinazolifanya ligeuke kahawia likikatwa. Rangi ya ganda haikuguswa. Mojawapo ya aina zake ni ya njano na nyingine ni ya kijani, kwa hiyo anayeikimbia GMO kwa kukwepa wekundu anakimbilia upande usiohusika.

Hoja ninayoisikia mwishoni, ikitolewa kama ushahidi usiopingika, ni ya mbegu: eti ukizipanda hupati tunda kama lile, kwa hiyo limechezewa. Hapo naomba turekebishane taratibu. Ganda na nyama ya tufaha ni mali ya mti mama, lakini mbegu ina baba pia, na matufaha mengi hayakubali chavua yao wenyewe, hivyo baba huwa ni wa aina nyingine. Mbegu za tunda moja jekundu zinaweza kutoa mti wa matunda ya njano, wa kijani na wa mekundu machachu. Ndivyo ilivyo hata kwa matufaha ya porini ya milima ya Tian Shan, Kazakhstan, ambako mababu wa haya tunayokula bado wanaota. Anayetaka tunda lilelile atafute kijiti cha kubebesha, mbegu aziache.