Nguvu Hurudi Kabla Msuli Haujajaa

Mvuvi mmoja wa dagaa kutoka mwalo wa Kibirizi, Kigoma, aliyevunjika mfupa wa muundi na kufungwa hogo refu la plasta lililopita goti, alinijia siku chache baada ya kufunguliwa. Alilishika paja lake lililosinyaa, akaniuliza, "Daktari, nyama imeozea humu ndani?" Haikuoza. Msuli usiotumika huvunja protini zake kwa kasi kuliko unavyozijenga, na mfupa usiobebeshwa uzito hupungukiwa madini.

Nilimlaza, nikaviringisha taulo na kuiweka chini ya goti, nikamwomba aikandamize, ahesabu hadi 5, kisha aachie. Siku ya kwanza, pia ya goti, kile kifupa cha mbele, haikusogea hata kidogo, ingawa mzee alijikaza hadi jasho likamtoka. Siku ya nne ikaanza kupanda. Paja lilikuwa jembamba vilevile. Kilichobadilika ni kwamba ubongo na neva vilikuwa vimejifunza upya kuamsha nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa pamoja.

Hapo ndipo wengi hukosea, na ndipo ninapoumia zaidi nikiwaona wakirudi. Nguvu za wiki za mwanzo hutokana hasa na neva. Msuli wenyewe hujaa dhahiri baadaye, aghalabu baada ya wiki 6 hadi 8, na kano zinazounga msuli na mfupa, ambazo hupata damu kidogo, huchelewa zaidi. Mtu anayejisikia mzima wiki ya tatu, akaenda kuvuta nyavu au kukamua mawese, anazitwisha tishu mzigo ambao hazijawa tayari kuubeba. Simlaumu, maana watoto wanamtegemea.

Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani, alieleza mwaka 1945 jinsi ya kuwaongezea wagonjwa uzito hatua kwa hatua, ilhali mazoea yalikuwa kurudia uzito mwepesi mara nyingi. Sisi tulimshonea mzee mfuko wa kitenge wa kufunga kifundoni, tukautia kilo 1 ya mchanga wa ziwani, na kila alipoweza kunyoosha goti mara 10 bila kutetemeka, tuliongeza kidogo. Goti likivimba, au maumivu yakidumu hadi asubuhi ya pili, mchanga hupunguzwa, lakini zoezi haliachwi.